Hodi ya Tatu

Usiku wa jana niliota mlango umeniambia karibu kabla sijapiga hodi.

Mlango wenyewe naujua. Ni wa nyumba ya marehemu Bi Semeni, Barabara ya Kumi na Moja, Ngamiani, hapa hapa Tanga. Mbao mbili za mvule zilizoiva mpaka zikawa nyeusi, nakshi kuanzia kwenye paji hadi kisiginoni, maua yamepandana na minyororo, na katikati pete ya shaba ambayo marehemu alikuwa akiisugua kwa ndimu na majivu kila Ijumaa, mpaka ungeweza kujitazama humo ukapaka wanja. Siku hizi nyumba haina mtu. Ukutani, karibu na dirisha la barabarani, wameipiga X kubwa ya rangi nyekundu, na chini yake wameandika BOMOA kwa herufi za mtu mwenye haraka.

Kazi yangu mimi ni kuvua milango. Nyumba kongwe ikishapigwa X, mimi na fundi wangu Shemboza huingia kabla ya tingatinga, tukatoa kinachotoleka: milango, madirisha, vitasa, vigae, mkono wa ngazi. Mtaani wanatuita tai. Nami huwajibu kwamba tai ana subira, hungoja marehemu afe kwanza. Sisi nafasi hiyo hatuna. Nyumba ya Bi Semeni tulikuwa tuivue asubuhi ya leo. Mpwa wake, Mhina, anataka kusimamisha pale ghorofa la kulala wageni, na kwa ridhaa yake mlango ni wangu. Hoteli moja ya ufukweni imeshauulizia.

Kwa hiyo ndotoni nilikwenda kikazi, mtarimbo begani. Miguuni nilikuwa nimevaa ndoo mbili za plastiki. Hakuna aliyeuliza.

"Karibu," ukasema mlango.

"Sijapiga hodi," nikasema.

"Ulikuwa mbioni kupiga. Karibu."

Milango ya namna ile huwa na mbao mbili, na mafundi wanaziita mlango dume na mlango jike. Aliyesema ni Dume. Dume ndiye mwenye maneno. Jike ndiye mwenye komeo.

Niseme mapema kwamba mimi ni Mnyamwezi. Babu yangu aliletwa huku kukata mkonge, na sisi na watu wa Pwani ni watani tangu enzi za misafara: wakifa tunawacheka, tukifa wanatucheka, na anayekasirika ndiye mwenye kosa. Bi Semeni alikuwa mtani wangu wa kweli kweli. Basi nikaona nyumba yake nayo ina haki ya kusalimiwa vizuri. Nikamwambia Dume amezeeka vibaya, kinywa wazi kama mtu aliyesahau alichotaka kusema, na kwamba kama si yale maua kifuani ningedhani ni ubao wa kuchinjia kuku.

Dume akacheka mpaka bawaba zikalia. Jike hakucheka.

"Kalunde," akasema Jike, "vua ndoo, uingie. Tuna kikao."

Nikavua ndoo nikaziweka kizingitini, nikaingia. Ukumbi ulikuwa stesheni ya Urambo. Kulikuwa na kengele ya treni, na karanga zinauzwa kwa vikombe, lakini sakafu ni ile ile ya Bi Semeni, saruji nyekundu iliyosuguliwa kwa kumbi la nazi miaka na miaka mpaka ikawa kama kidonge cha kunyonya. Niliinama kuitazama. Ikanionyesha sura yangu ya miaka ishirini iliyopita, kwa heshima tu, bila kuombwa.

"Ahsante," nikaiambia.

"Usijali," ikasema sakafu. "Nimewaona wengi."

Kuta zilikuwa na masikio, kama isemwavyo. Yalikuwa yametokeza kwenye chokaa, makubwa na laini, mengine yamevaa majasi ya fedha. Yalikuwa yamesikia siri nyingi mno kwa nyumba moja, na yalionekana kuchoka. Moja likaniomba nisinong'one, kwa sababu minong'ono ndiyo inayoumiza. Maneno ya kawaida yanapita tu.

Kikao kilikuwa sebuleni. Mwenyekiti alikuwa pangaboi, lile feni la dari lenye mikono ya mbao na kitovu cha shaba, ambalo ukiliwasha lilikuwa likifikiri kwanza kisha likaanza. Kando yake, kwenye vidaka vya ukutani, vimekaa vikombe ambavyo havipo tena. Juu ya dirisha vioo vya rangi vilikuwa vikigawa mwanga: wa kijani kwa waliokaa kushoto, mwekundu kwa waliokaa kulia, na wa njano kwa waliochelewa. Mimi nilipewa wa njano. Swichi ya ukutani, ile nyeusi ya mviringo kama kifungo cha koti la jitu, ndiyo iliyokuwa ikitunza utaratibu. Mtu akizungumza sana ilisema *tak*, naye akazimika.

"Tingatinga anakuja," akasema Pangaboi. "Anakuja. Anakuja."

"Nilisikia la kwanza," nikasema.

"Najua," akasema. "Najua. Najua. Mimi ni wa kuzunguka."

Sinki la kuogea lilikuwa likitembea huku na huku mbele ya mlango wa uani. Ni lile la chuma cheupe, lenye miguu ya simba. Nimelitamani toka siku ya kwanza niliyoliona. Lilikuwa limefunga mizigo yake kwenye shuka. Lilisema halingoji kubomolewa, lina ndugu zake mbugani Saadani, litakwenda kuanza upya.

"Wewe ni sinki," nikaliambia kwa upole.

"Kuanzia kiunoni kwenda juu," likasema.

Nikaitazama miguu yake. Kucha zake zilikuwa zimechongwa moja moja, hata ule mkunjo mdogo wa nyama juu ya ukucha ulikuwepo, sehemu ambayo hakuna atakayeiona isipokuwa anayedeki. Nikafikiria huyo mtu wa kiwandani, sijui nchi gani, aliyekaa akachonga mkunjo kwa ajili ya mpiga deki. Nikajikuta nimesimama kwa adabu.

Jike ndiye aliyenieleza jambo lenyewe. Yeye na mumewe walikuwa wametoka barazani wakaja kukaa nasi, huku pia wakiwa wamebaki kule kwenye fremu yao. Alisema tingatinga anayekuja si mhuni. Amelelewa na bibi yake Korogwe, na hawezi kuingia nyumba ya mtu bila kupiga hodi. Na hodi ina sheria yake, sote tunaijua: unapiga ya kwanza, ya pili, ya tatu. Usipoitikiwa ya tatu, unageuka ulikotoka, bila kinyongo na bila kuchungulia.

"Basi kazi imekwisha," nikasema. "Nyumba haina mtu. Nyamazeni tu, ataondoka."

Kikao kizima kikamtazama Dume. Dume akaitazama sakafu. Sakafu ikamwonyesha sura yake.

"Hatuwezi," akasema.

"Hamwezi nini?"

"Kunyamaza. Tujaribu. Wewe bisha."

Nikasema, "Hodi."

"Karibu," akasema Dume. "Karibu," yakasema madirisha, ngazi, vigae vya juu, kigoda kilichovunjika mguu, na mtego wa panya. "Karibu," likanguruma sinki kupitia tundu lake. "Karibu, karibu, karibu," akasema Pangaboi. Swichi ikasema *tak*, ambayo kwa lugha yake ndiyo hiyo hiyo.

Kisha wote wakaona haya.

Jike akasema ndivyo walivyolelewa. Bi Semeni hakuwahi kuacha hodi ikaanguka chini tangu alipoingia nyumba ile bibi harusi. Usiku, mchana, mgeni, mwizi, mtu wa kuhesabu nyumba, mbuzi wa jirani. Ilifika mahali mlango ukawa unaitika kabla yake. Alikuwa akisema mgeni njoo mwenyeji apone, na kweli walikuwa wakipona; ufa wa ukumbini uliwahi kuziba wenyewe siku ya harusi ya jirani, watu walivyojaa. Sasa tingatinga atasema hodi, nyumba itasema karibu, naye ataingia. Ataingia kwa nia njema kabisa. Ataingia mpaka mwisho.

Nikauliza kwa nini wasizibe mdomo. Nikavua kanga yangu ya begani nikaisokomeza kwenye tundu la ufunguo la Dume. Kukawa kimya kidogo. Kisha kanga ikaanza kusoma maandishi yake yenyewe, kwa sauti ya mwanamke aliyeshiba: "Mgeni wangu karibu, nyumba yangu haina taabu."

Nikaichomoa.

Hapo nikatoa shauri ambalo kwa kweli ndilo lililonileta. Nikamwambia Dume nitamvua yeye na mkewe, taratibu, msumari kwa msumari, nitawafunga kwa magodoro na kuwapeleka hotelini. Watapakwa mafuta. Watawashiwa taa. Wazungu watapiga nao picha. Tingatinga akija atakuta tundu, na tundu haliitiki.

Dume alifikiri. Alikuwa mlango wa kufikiri, ilionekana kwenye mishipa ya mbao yake.

"Hoteli wataniweka wapi?" akauliza.

"Mapokezi. Nyuma ya meza. Mahali pa heshima."

"Nyuma yangu kuna nini?"

"Ukuta."

"Ukuta mtupu?"

"Umepakwa rangi nzuri."

"Sasa mtu akinipigia hodi," akasema Dume, "nimkaribishe wapi? Ukutani?"

Nimevua milango miaka mingi na hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo, kwa sababu milango niliyoivua zamani haikuwa na tabia ya kuuliza. Niliufikiria ule ukuta. Niliwaza wageni wanapita na masanduku yao, mmoja kwa mzaha anagonga, na Dume anasema karibu, karibu, na hakuna kinachofunguka.

*Tak*, ikasema swichi. Tukasikia mngurumo barabarani.

Nikatoka nje kuchungulia. Ilikuwa saa ya jua kali, barabara nyeupe, na ile X ya ukutani ilikuwa imeteremka, imekaa barazani imekunja miguu miwili kati ya minne. Nikaiuliza haina aibu. Ikasema yenyewe ni alama ya kosa tu, mwalimu huipiga pembeni ya jibu. Ilikuwa inangoja kuambiwa swali lilikuwa nini. Imezunguka Ngamiani yote imepigwa kwenye nyumba na hakuna aliyewahi kuisomea swali.

"Ukinikata mguu mmoja naweza kuwa vema," ikasema. "Lakini sina ruhusa."

Tingatinga akaja akipunguza mwendo kwa sababu ya watoto. Alikuwa wa njano, mkubwa kuliko nyumba, na uso wa kijana aliyevaa shati la kukopa kwa ajili ya posa. Alipofika barazani akavua minyororo yake yote miwili kama viatu, akaipanga pembeni mwa ndoo zangu, ncha zikitazama nje. Akakohoa kidogo. Mimi nilikuwa tena ndani, sijui kwa njia gani, mgongo wangu kwenye mlango.

"Hodi," akasema.

Nikaihisi ile karibu ikipanda ndani ya mbao, kutoka kisiginoni, inapita kwenye minyororo ya nakshi na maua, inakuja. "Ka—" akasema Dume. Jike akamwegemea kwa nguvu zake zote, na mfaa, ule mti wa nakshi unaosimama katikati kuziba mwanya, ukambana mdomo. Nyumba nzima imeshika pumzi. Sinki limeuma shuka lake.

"Hodi jamani," anasema mara ya pili.

Sasa siko ndani tena. Niko barabarani na godoro kichwani. Ni siku ile waliyobomoa chumba changu cha kupanga kupisha barabara, na tingatinga wa siku ile hakupiga hodi hata moja. Mvua inanyesha. Napita mlango kwa mlango, na kila mlango una jicho dogo la kioo, na kila jicho linaniuliza wewe nani, unamtaka nani, nani amekutuma. Godoro linakunywa mvua, linakuwa zito kama mtu. Nafika kwenye mlango mweusi wenye maua. Nafungua kinywa, nasema ho—

"Karibu," unasema mlango, na unafunguka, na Bi Semeni amesimama na beseni la uji, anasema, "Kumbe Mnyamwezi. Nilidhani ni godoro limepotea njia, nikaona nilihurumie." Hivyo ndivyo ilivyokuwa kweli, siku ile, kabla ya ndoto. Nilikaa kwake mpaka mvua za vuli zikapita, na kila siku alinikumbusha kwamba aliyekaribishwa ni godoro.

Nikajua basi kwa nini nyumba ile haiwezi kunyamaza. Ingekuwa inaweza, mimi ningelala wapi.

Nilirudi ndani nimelowa. Jike alikuwa ananiangalia.

"Inabaki moja," akasema. "Mume wangu hawezi kuizuia ya tatu. Hakuna aliyewahi kumfundisha. Itabidi uishike wewe."

"Niishike nini?"

"Karibu yake."

Dume akainama, pete ikagonga mbao, akakohoa kama mtu aliyepaliwa na mwiba wa samaki, akaitema mkononi mwangu. Ilikuwa ndogo, kiasi cha karafuu, nyeusi, imejikunja kama jani la ua. Ilikuwa ya moto. Jike akaniambia niiweke shavuni. Nisiitafune, na nisiimeze hata kidogo, kwa maana nikiimeza nitawakaribisha watu maisha yangu yote na sitapata nafasi ya kulala. Nikaiweka. Ilikuwa na ladha ya ndimu na majivu.

"Hodi," akasema Tingatinga mara ya tatu.

Kimya. Kimya ambacho nyumba ile haikuwahi kukisikia tangu ilipoezekwa. Masikio ya ukutani yakatazamana. Ile karibu shavuni mwangu ikaanza kupiga piga kama kifaranga ndani ya yai, ikitaka kutoka, nami nikabana meno mpaka machozi yakanitoka. Nje nikasikia Tingatinga akiokota mnyororo mmoja, anaanza kuuvaa.

Kisha akasimama.

"Samahani," akasema. "Nasikia kama mtu anapumua. Isije ikawa mna mgonjwa humo, amezidiwa, hawezi kuitika. Niingie niwasaidie?"

Nikajua tumekwisha. Bibi wa Korogwe alikuwa amemlea vizuri kupita kiasi. Mlangoni kwa mtu aliyekosa kuitika kwa sababu hayupo, unarudi. Lakini kwa aliyezidiwa, hugeuki. Unaingia hata ukivunja, na jirani wanakusifu. Na kwenye nyumba nzima hapakuwa na kitu chenye neno lingine la kumpa. Niliwatazama mmoja mmoja: Pangaboi, sinki, vioo, ngazi. Walikuwa mabingwa wa neno moja. Walilijua vizuri mno mpaka hawakuhitaji la pili.

Aliyekuwa na maneno mengine ni mimi. Sisi tuliokulia kwenye vyumba vya kupanga tulifundishwa na mama zetu namna ya kujibu mwenye nyumba anapobisha wakati mbaya. Nikaisukuma ile karibu upande wa pili wa shavu, nikaweka mdomo kwenye tundu la ufunguo.

"Hatupo," nikasema.

Tingatinga akafikiri.

"Hampo wote?"

"Wote."

"Mmekwenda wapi?"

"Msibani."

"Poleni. Nani amefariki?"

"Nyumba hii."

"Ah," akasema, na nikasikia akivua kofia, au kilichokuwa mahali pa kofia. "Hilo sikuambiwa. Nimeambiwa kubomoa, sikuambiwa kuna msiba. Siwezi kubomoa nyumba ya wafiwa wenyewe hawapo. Bibi angenisikia. Tanga la msiba mtaanua lini, ili nije baada ya hapo?"

"Mji huu unaitwaje?" nikamwuliza.

"Tanga."

"Uliwahi kuona limeanuliwa?"

Akaanza kucheka, pole pole, injini inashika, inakata, inashika. Nikamjua. Awe Mzigua au awe Msambaa, sikujali. Kicheko kile ni cha mtani. Akavaa minyororo yake, kwanza wa kulia. Akasema tuwasalimie wote waliomo wasiokuwepo. Akaondoka kinyumenyume, kwa heshima, mpaka mwisho wa barabara, na ile X ikamwomba lifti ya mguu mmoja tu, ili iliyobaki iwe vema.

Ndani, nyumba ilitoa pumzi iliyokuwa imeishika. Vioo vikagawa rangi zote tatu kwa kila mtu. Sinki likafungua mizigo yake na kusema mbuga inaweza kungoja. Nami nilipita kuwaaga, nikimgusa kila mmoja, mkono wa ngazi uliolainishwa na viganja vya watu waliokwisha kufa, vitasa vya kauri, ndoano ya kuning'iniza susu ya vyakula. Nikawatukana wote vizuri, kwa zamu, kama inavyompasa mtani asije akaonekana ana upendo. Nikafika kwa Dume. Alikuwa ananingoja kinywa wazi, pale kifuani kwenye ua la katikati pakiwa na pengo dogo jeupe, kama jino lililong'oka.

"Irudishe sasa," akasema Jike.

Nikafungua mdomo.

"Hodi," akasema mtu.

Nikaamka. Ilikuwa asubuhi, chumbani kwangu, jua limeshapanda juu ya bati. Aliyekuwa mlangoni ni Shemboza. Hodi yake naijua, huipiga kama anayepima ubao. Nikataka kumwitika lakini ulimi ukakutana na kitu. Nikakitema kiganjani, nikafunga ngumi, kisha ndipo nikamfungulia.

Shemboza aliingia na mtarimbo begani, akakaa juu ya ndoo. Nilimwona hayuko sawa, maana hakunitania hata nywele. Akasema ametoka kwa Bi Semeni. Tingatinga lilikuwa limetangulia kufika, dereva akitaka kuliwahi jua, na sasa limeegeshwa mwisho wa barabara na dereva hataki kulisogeza. Kijana wa Korogwe, mstaarabu. Anasema alisimama barazani akapiga hodi, mazoea tu ya nyumbani, si kwamba alitegemea mtu. Ya tatu akajibiwa.

"Akajibiwa nini?" nikauliza.

"Ameambiwa hatupo."

Shemboza akajikuna shingo.

"Anasema ni sauti ya mwanamke, mtani. Tena mwenye lafudhi ya kwenu. Mhina amekaa pale barazani kashika kichwa, kila anayepita anamwuliza hao ambao hawapo ni akina nani, na wameanza lini kutokuwepo. Amesema leo habomoi mpaka ajue." Akauhamisha mtarimbo bega la pili. "Sasa sisi tunakwenda kuuvua ule mlango, au hatuendi?"

Nikafungua ngumi chini ya kanga, asione. Kilikuwa kijipande cha mvule, cheusi, kiasi cha karafuu, mgongo umechongwa mshipa wa ua kwa ncha ya tindo, na upande wa pili mweupe, mbichi, ndio kwanza umemeguka. Kilinukia ndimu.

"Tunakwenda," nikamwambia. "Mtarimbo uache hapa. Beba gundi."